Risasi Ipi Isiyotesa Bega?

Swali hili huja kwa sura nyingi. Dada aliyehamia Minnesota, akaalikwa na wafanyakazi wenzake kwenye klabu ya shabaha, anataka kujua kama atarudi nyumbani na bega lililovilia damu. Kijana wa Nairobi anayeomba kujiunga na klabu anauliza aanze na kaliba gani. Baba aliyepita Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) zamani bado anakumbuka kitako cha bunduki kilivyomgonga, na sasa binti yake anayesoma Uingereza amejiandikisha kwenye timu ya shabaha ya chuo. Anauliza kama mchezo huo hautamuumiza mtoto. Wote wanataka kujua jambo moja. Mtu anayetoboa karatasi kwa burudani, asiye mwindaji wala askari, atumie risasi gani isiyompiga teke?

Nitoe jibu kwanza, sababu zifuate. Tumia risasi ndogo kabisa inayofika kwenye shabaha yako kwa usahihi. Kwa walio wengi hiyo ni .22 Long Rifle. Anayelenga mita 100 hadi 300 atafaidi zaidi akiwa na .223 Remington. Ng'ambo ya hapo kuna risasi za milimita 6, na wanaozihitaji kweli ni wachache. Najua jibu hili huwavunja moyo baadhi ya watu, hasa wale waliozoea kupima bunduki kwa ukubwa wa mlio wake. Nawaomba wasome hadi mwisho wa sura, kwa sababu mabingwa wa mchezo huu walipita njia ndefu na ya gharama hadi kufika palepale.

Teke linatoka wapi

Risasi kamili ina sehemu nne. Kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Kuna ganda la shaba linalokishika. Ndani ya ganda kuna baruti, na kitakoni mwake kuna fataki, yaani kile kilipuzi kidogo kinachowasha baruti kikigongwa. Neno kaliba, ambalo utalisikia kila mara, ni kipenyo tu cha tundu la mtutu. Wamarekani na Waingereza hukiandika kwa sehemu za inchi, kwa hiyo .22 ni inchi 0.22, karibu milimita 5.6.

Mtu anaporuka kutoka kwenye mtumbwi kwenda gatini, mtumbwi hurudi nyuma. Akiwa mzito au akiruka kwa nguvu, mtumbwi huenda mbali. Mtumbwi ukiwa mkubwa, husogea kidogo. Bunduki hufuata kanuni hiyohiyo. Ukubwa wa teke unategemea uzito wa kichwa cha risasi, mwendo wake, wingi wa baruti (maana gesi yake nayo hutoka mtutuni kwa kasi kubwa), na uzito wa bunduki yenyewe.

Kaliba haimo katika orodha hiyo, na hapa ndipo wengi hupotea. Linganisha .22 Long Rifle na .223 Remington. Vipenyo vya vichwa vyake vinakaribia kulingana. Lakini ya kwanza hurusha kichwa cha gramu 2.6 kwa mwendo wa mita 330 hivi kwa sekunde, na ya pili hurusha cha gramu 3.6 kwa mita zipatazo 980 kwa sekunde, ikisukumwa na baruti nyingi mara kumi na zaidi. Anayechagua kwa kutazama namba ya kaliba tu amechagua akiwa amefumba macho.

Teke hupimwa kwa juli. Juli 1 inakaribia nguvu ya kuinua kilo 1 kwa sentimita 10. Ukipiga hesabu kwa bunduki ya kilo 3.5, unapata makadirio haya:

- .22 Long Rifle: chini ya juli 1
- .223 Remington: karibu juli 5
- .243 Winchester: juli 12 hadi 13
- 6.5 Creedmoor: juli 16 hadi 18
- .308 Winchester: juli 20 hadi 23
- .30-06: karibu juli 27

Kwa wanaokumbuka bunduki za kijeshi za Kenya, G3 hutumia risasi ya jamii ya .308, na Mark 4 ya zamani ya .303 haiko mbali nayo. Risasi ya .375 H&H ya wawindaji wa nyati hupita juli 50 hata kwenye bunduki nzito zaidi. Hiyo tuwaachie wenye nyati.

Adui ni mshtuko

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye moyo wa jambo lote.

Wengi hudhani teke huharibu shabaha kwa kuitikisa bunduki. Sivyo hasa. Kichwa cha risasi hutoka mtutuni ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, na wakati huo bunduki huwa imerudi milimita moja au mbili tu. Sehemu kubwa ya teke hulifikia bega risasi ikiwa imeshaondoka. Kama mwili ungekuwa mtulivu, mlenga shabaha angeweza kupiga .308 siku nzima na kila risasi ikaenda alikoilekeza.

Mwili hauwi mtulivu. Baada ya mapigo machache mazito, ubongo umeshajua kwamba kidole kikibana kifyatulio, kipigo kinafuata. Basi hujihami mapema. Macho hufumba, bega husukuma mbele, mkono hukaza, na yote hayo hutokea kabla baruti haijawaka. Mdomo wa mtutu huinama, risasi hutua chini ya shabaha, na mpigaji ambaye hakuona lolote kwa sababu alikuwa amefumba macho anailaumu darubini. Anairekebisha, anapiga tena, na safari hii mambo yanaharibika upande mwingine. Nimewaona watu wenye nguvu za kubeba gunia la kilo mia wakifanya hivyo, na niliwaona bila kuwacheka, kwa sababu mshtuko huu hauna uhusiano na woga. Ni kinga ya mwili, ileile inayokufumbisha macho mdudu akikurukia usoni.

Makocha wana njia rahisi ya kuufichua. Mwenzako anakupakilia risasi moja moja, na katikati yake anachanganya risasi za bandia zisizo na baruti wala fataki, bila kukuambia ni lini. Ukifyatua ya bandia, hakuna mlio, na kila aliye pembeni anaona mtutu wako ukichota chini. Wewe mwenyewe unauona. Ni dakika ya aibu kidogo, na yenye faida kuliko darubini yoyote utakayonunua.

Tiba yake ni kurudi kwenye risasi ndogo, mamia kwa mamia, hadi mwili usahau. Kuna pia zoezi la kufyatua bunduki tupu, iliyokaguliwa mara mbili, mtutu ukielekea mahali salama na risasi zikiwa chumba kingine. Kwa bunduki za .22 uliza kwanza kama zoezi hilo halitaziharibu, maana kwenye baadhi yake pini huweza kugonga ukingo wa chumba cha risasi.

Nusu ya kile ambacho watu hukiita teke ni kelele. Mlio wa .223 hupita desibeli 150, kiwango kinachoweza kuharibu sikio kwa risasi moja, na masikio yanapoumia mwili hujihami vilevile kama bega linapoumia. Mwanafunzi anayelalamika kwamba .223 inampiga mno, mpe vizibo vya masikioni na juu yake vifuniko vya masikio, vyote viwili kwa pamoja, umwone. Mara nyingi malalamiko huisha hapohapo, na bunduki ni ileile.

Kwa ufupi: teke dogo husaidia shabaha kwa sababu haliufundishi mwili kushtuka. Linda bega, lakini anza kwa kulinda masikio.

Walioacha risasi nzito

Camp Perry, kando ya Ziwa Erie katika jimbo la Ohio, ni uwanja wa mashindano ya taifa ya bunduki ya Marekani tangu 1907. Kwa miongo mingi waliopiga bunduki za kijeshi pale walitumia risasi nzito, kwanza .30-06 ya M1 Garand, kisha 7.62 ya M14, ambayo ni jamii ya .308. Umbali ni yadi 200, 300 na 600. Bunduki nyepesi ya jamii ya M16, yenye risasi ya .223, ilidharauliwa. Ilisemwa kwamba ni ndogo mno kwa yadi 600.

Katikati ya miaka ya 1990, wapigaji wa timu ya jeshi la nchi kavu walikuja nayo, wakiwa na mitutu bora na vichwa vya risasi virefu na vizito kuliko vya kawaida. Walishinda. Katika muda mfupi M14 zikapungua kwenye mstari, na leo kuiona moja ikishindania nafasi ya juu ni jambo adimu. Sehemu kubwa ya siri ilikuwa kwenye mapigo ya haraka, ambapo mpigaji anatakiwa kumaliza risasi kumi ndani ya dakika moja hivi. Bunduki isiyomtoa mtu mahali pake humrudisha kwenye shabaha mapema, na risasi ya kumi hupigwa kwa utulivu uleule wa risasi ya kwanza.

Biathloni ilipita njia kama hiyo. Huu ni mchezo wa majira ya baridi wa kukimbia kwa skii na kusimama kulenga shabaha huku moyo ukidunda. Zamani wachezaji walibeba bunduki za kaliba za kijeshi na kupiga umbali wa zaidi ya mita 100. Mwaka 1978 mchezo ukahamia .22 na mita 50, na Olimpiki ya Lake Placid ya 1980 ikawa ya kwanza kwa mpango huo. Shabaha ya anayelala kifudifudi ina kipenyo cha milimita 45. Hakuna aliyesema mchezo umekuwa rahisi.

Na kuna wale wanaopiga bunduki ikiwa imewekwa juu ya meza imara, wakitafuta jambo moja tu: risasi tano zipite karibu katika tundu moja. Mwaka 1975 daktari Louis Palmisano na fundi Ferris Pindell walibuni 6mm PPC, risasi fupi nene yenye baruti ya kiasi, na hiyo ikatawala mchezo wao. Hapo hapakuwa na suala la bega laini la mwanafunzi. Wataalamu wa usahihi waliochagua wenyewe walichagua kilicho kidogo.

Anza na .22

.22 Long Rifle ilitoka katika kampuni ya Stevens ya Marekani mwaka 1887, na haijapata mrithi. Fataki yake imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, ndiyo maana ganda hilo halijazwi tena likishatumika. Huko Marekani risasi moja ya kawaida ya .22 hugharimu senti kumi hivi, wakati ya .223 inakaribia nusu dola, na ya .308 ya shabaha hupita dola moja. Kwa bei ya boksi moja la .308 unapata mamia ya nafasi za kujifunza kubana kifyatulio. Mimi naiona hoja hii kuwa nzito kuliko hata ya teke.

Uingereza ilitambua thamani yake mapema. Baada ya vita vya Makaburu kuonyesha kwamba askari wake wengi hawakujua kulenga, Lord Roberts aliongoza juhudi za kueneza klabu za bunduki ndogo mijini, watu wa kawaida wajifunze baada ya kazi. Klabu za namna hiyo zipo mpaka leo, nyingi zikipiga .22 ndani ya majengo kwa umbali wa yadi 25. Binti wa yule baba wa JKT huenda yumo katika mojawapo.

Usidhani .22 ni ya watoto. Katika Olimpiki bunduki hiyo hupigwa mita 50, na duara la pointi 10 lina kipenyo cha milimita 10.4. Wapigaji hao hutaka risasi iendayo chini ya mwendo wa sauti, ambao ni mita 340 hivi kwa sekunde, kwa sababu kichwa kinachoanza juu ya mwendo huo kisha kikashuka njiani huyumba. Kwa hiyo ukisoma kwenye boksi kwamba risasi ni ya kasi ya juu, jua kwamba kasi hiyo haikuwekwa kwa ajili ya karatasi yako.

Mipaka yake ni ya kweli. Bunduki iliyorekebishwa kwa mita 50 itapiga karibu sentimita 20 chini kwenye mita 100, na zaidi ya mita moja chini kwenye mita 200. Upepo mdogo huisukuma. Lakini mwalimu wa upepo kama huyu ni wa bei rahisi, na anayeweza kusoma upepo kwa .22 kwenye mita 100 hatababaika akikabidhiwa risasi kubwa.

Kama hata .22 inakupa hofu, au huna uwanja karibu, anza na bunduki ya upepo ya milimita 4.5. Imo katika Olimpiki tangu 1984, hupigwa mita 10, na teke lake halifai hata kutajwa. Kuhusu .17 HMR, iliyotoka 2002: ni tulivu na ya kasi, lakini bei yake ni kubwa kuliko .22 na kwa karatasi haikupi kingi cha ziada.

Umbali ukizidi

.223 Remington iliingia sokoni mwaka 1964, na ndiyo hatua ya pili ninayoipendekeza kwa mtu mwenye uwanja wa mita 100 hadi 300. Kabla ya kuinunua, soma maandishi kwenye mtutu. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozungusha kichwa cha risasi ili kisiyumbe hewani. Mtutu ulioandikwa 1:12 hukizungusha mara moja kila inchi 12, na unafaa vichwa vyepesi. Ule wa 1:8 au 1:7 huzungusha kwa kasi zaidi na hushika vichwa virefu vya gramu 5, vinavyostahimili upepo. Ukiweka vichwa hivyo kwenye mtutu wa 1:12 vitapinduka njiani na kutoboa karatasi kwa ubavu.

Kuna onyo hapa. Risasi ya kijeshi ya 5.56 inafanana sana na .223 kwa umbo, lakini huweza kuleta shinikizo kubwa kuliko linalotakiwa kwenye bunduki iliyoandikwa .223 pekee. Fuata maandishi ya mtutu, hata muuzaji akisema ni kitu kimoja.

Kwa mita 300 na kuendelea, 6mm BR ya kampuni ya Norma ya Sweden imependwa sana na wapigaji wa Ulaya. Teke lake liko kati ya .223 na .243, na kwenye bunduki nzito ya mashindano ya kilo 6 huwa kama juli 6 tu. Hata wale wa Marekani wanaolenga sahani za chuma kwa mamia ya mita wamehamia milimita 6, kwa sababu nzuri: bunduki isiporuka, mpigaji huona kwa darubini yake mwenyewe mahali risasi ilipotua, akajirekebisha bila kuambiwa.

6.5 Creedmoor ya 2007 imejaa madukani, nayo ni risasi nzuri sana. Ila ilibuniwa kwa masafa marefu. Anayeinunua kwa uwanja wa mita 100 analipia teke mara tatu ya .223 bila kupata chochote kwenye karatasi.

Kupunguza teke bila kubadili risasi

Anza na uzito. Bunduki ikiongezwa uzito mara mbili, nguvu ya teke hupungua kwa nusu, na kwa mtu asiyetembea nayo porini kilo mbili zaidi si mzigo. Pili ni urefu wa kitako. Bunduki nyingi hutengenezwa kwa mwanamume wa kimo cha kati, na mtu mfupi hulazimika kunyoosha shingo na kulipokea teke kwenye mfupa badala ya kwenye nyama ya bega. Kitako kilichofupishwa, chenye mpira mnene mwishoni, kinaweza kuigeuza bunduki ya kutisha ikawa rafiki.

Kuna pia kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu na kutupa gesi pembeni. Hupunguza teke sana, na humzidishia kelele jirani yako sana. Kwenye uwanja wa watu wengi mimi singekifunga.

Kabla ya kutoa pesa

Uliza sheria kwanza. Kenya na Tanzania bunduki ya raia ni ya kibali, na kibali hutaja silaha yenyewe. Usinunue hata ya upepo kabla ya kuuliza mamlaka na klabu. Ulaya na Marekani sheria hutofautiana hata kati ya jimbo na jimbo.

Kisha omba kujaribu. Klabu nyingi zina bunduki za wanachama wapya. Piga .22 kwanza, .223 baadaye, vizibo na vifuniko vikiwa masikioni, na umwambie kocha akuchanganyie risasi za bandia. Mtutu wako ukibaki umetulia kwa .22 na kuinama kwa .223, umeshapata jibu lako la mwaka huu. Ukimaliza nawa mikono kabla ya kula, maana vichwa na fataki nyingi zina madini ya risasi, nayo ni sumu.

Ukishachagua, nunua boksi moja moja la chapa tatu au nne za risasi hiyo. Zipige zote kwa umbali mmoja, bunduki ikiwa imeegemezwa, risasi tano tano kwa kila karatasi, kwa kuwa kila mtutu una chapa inayoupenda na hakuna anayeweza kuibashiri. Washindani wakubwa wa .22 husafiri hadi kwa watengenezaji, kama Eley ya Uingereza au Lapua huko Schönebeck, Ujerumani, bunduki yao ifungwe kwenye kishikizo na kujaribiwa kwa mafungu mbalimbali ya risasi. Wewe huhitaji safari hiyo. Tazama karatasi ipi ina matundu yaliyosongamana zaidi, soma namba ya fungu iliyochapwa kwenye boksi lake, na ununue fungu hilohilo kwa wingi kadiri kibali chako kinavyoruhusu, kwa sababu fungu lijalo la chapa ileile laweza kupiga tofauti.